Ndani ya ndege uko chini ya Kitulo

Mhudumu alikuwa amesimama katikati ya njia, kashika barakoa ya njano mkono mmoja na mrija wake mkono wa pili, akionyesha namna ya kuivuta. Ndege ilikuwa bado chini, uwanja wa Songwe, Mbeya, inasogea taratibu kuelekea mwanzo wa barabara ya kurukia. Mama aliyekaa dirishani alikuwa ameshaniambia kwamba anatokea Tukuyu na anampeleka mjukuu kwa wazazi wake Dar. Mjukuu, wa miaka minne hivi, alikuwa kiti cha kati. Mama akaninyooshea mkono juu ya kichwa cha mtoto, akanigusa bega.

"Mwanangu, hivi nimesikia vizuri? Hewa ikipungua nijivishe mimi kwanza, mtoto baadaye?"

"Ndivyo, mama."

"Aa, hapana. Bibi gani huyo?"

Nikamwambia kwamba akianza na mtoto wanaweza kuzimia wote wawili, akianza na yeye mwenyewe wanapona wote wawili. Alinitazama kwa adabu, kama mtu aliyetajiwa bei ambayo hajaikubali lakini hataki ugomvi. Ndege ikaruka, swali likabaki hewani.

Jibu lake ni refu kuliko maelezo ya mhudumu, na bahati nzuri watu wa Nyanda za Juu Kusini nusu ya jibu hilo wanalo tayari, ila hawajaliunganisha na ndege.

Aliyewahi kupanda basi la Iringa kwenda Dar anajua. Mkianza kuteremka Kitonga masikio yanaziba, mngurumo wa injini unakuwa kama unatoka chumba cha pili, unameza mate, yanazibuka. Chupa ya maji uliyokunywa nusu pale Ipogolo ukaifunga vizuri, ukifika Ruaha Mbuyuni, pale wanapowaletea vitunguu dirishani, utaikuta imebonyea mbavu kana kwamba kuna mtu kaikalia. Hakuna aliyeigusa. Ndani yake umefungia hewa ya Iringa, ambayo ni nyepesi, na hewa ya bondeni iliyo nzito zaidi inaibana kwa nje. Pakiti ya krispi iliyofungwa Dar hufanya kinyume: ikifika Mwanjelwa, Mbeya, imevimba kama mto wa kulalia. Na maharage ya Mbeya yanamaliza mkaa kwa sababu hiyo hiyo. Kwenye mita 1,700 hivi za mji ule maji huchemka yakiwa na nyuzi kama 94, si 100, na jungu halijali umeongeza moto kiasi gani.

Hewa ina uzito. Tulio chini tumebebeshwa hewa yote iliyo juu yetu, na kila unapopanda unaacha sehemu ya mzigo huo chini. Mbeya mjini presha ya hewa ni kama asilimia 82 ya ile ya pwani. Ukifika mita 5,500 imebaki nusu. Futi 35,000, ambazo ni kama mita 10,700, haifiki hata robo. (Nasema presha nikiwa na maana ya msukumo wa hewa, ile presha ya damu aliyokutajia daktari ni habari nyingine.)

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Husemwa kwamba "juu hakuna oksijeni". Oksijeni ipo, tena kwa kiwango kile kile cha asilimia 21 ya hewa, iwe Kigamboni au futi 35,000. Kinachokosekana ni msukumo wa kuiingiza kwenye damu. Mapafu hayavuti oksijeni moja moja kama mtu anayechambua mchele. Yanategemea hewa iisukume kupita kwenye utando wake. Msukumo ukiwa mdogo unapumua kwa nguvu zako zote, kifua kinapanda na kushuka, na damu bado inabaki na njaa.

Jeti hupanda huko juu kwa hesabu ya mafuta: hewa nyepesi haikinzani na ndege sana. Basi ikibidi kupita mahali ambapo binadamu hawezi kuishi, kinachobaki ni kubeba mahali pa kuishi na kwenda napo. Hiyo ndiyo kabini, sehemu ya ndege wanamokaa watu.

Kabini si chupa iliyofungwa. Ifikirie kama tyubu ya baiskeli yenye pancha ambayo fundi ameamua kutoiziba, bali anaijaza pampu bila kupumzika. Katika ndege nyingi hewa hutolewa kwenye injini zenyewe, sehemu ya mbele inakobanwa kabla ya kuchanganywa na mafuta. Inatoka ikiwa ya moto kweli kweli, inapitishwa kwenye mitambo ya kuipoza, halafu inaingizwa kwa abiria. Inaingia mfululizo, na kwa kuwa inaingia mfululizo lazima itoke mfululizo. Inatokea hasa kwenye vali kubwa, kwa kawaida upande wa nyuma chini ya bodi. Kompyuta inayolinda presha haishughuliki sana na hewa inayoingia. Kazi yake kubwa ni kufungua na kufunga tundu hilo la kutokea, kidogo hivi, kidogo vile, safari nzima. Ukiniuliza moyo wa mfumo wote uko wapi, nitakuonyesha vali hiyo.

Sasa, hawaijazi kabini mpaka ifikie hewa ya Dar. Kanuni inataka kwamba katika safari ya kawaida hewa ya ndani isiwe nyepesi kuliko ile ya futi 8,000, yaani mita 2,440 hivi. Marubani wanaita hicho kimo cha kabini: ndege yenyewe iko futi 35,000, lakini miili ya waliomo inadhani iko futi 8,000. Uwanda wa Kitulo, ile Bustani ya Mungu watu wanayoiendea maua, uko juu ya mita 2,600. Kwa hiyo anayekamua ng'ombe katika shamba la mifugo la Kitulo asubuhi anapumua hewa nyepesi kuliko abiria wa jeti inayopita juu yake. Ndege mpya zaidi kama Boeing 787 na Airbus A350 zimeshusha kimo cha kabini hadi futi 6,000 hivi, na hapo umekaribia kabisa hewa ya Mbeya.

Kwa nini wasiijaze hadi mwisho tukapumzika? Kwa sababu bodi ya ndege inavimba. Kila safari inajazwa, inatanuka kidogo, inapunguzwa, inanywea. Ukikunja waya mara moja haukatiki, ukiukunja mara elfu unakatika. Somo hilo lilijifunzwa kwa damu, na lilipita jirani yetu. Tarehe 2 Mei 1952 ndege aina ya Comet ya Uingereza ilianza safari ya kwanza duniani ya abiria kwa jeti, London kwenda Johannesburg, na mojawapo ya vituo vyake ilikuwa Entebbe. Mwaka 1954 Comet mbili zilipasuka angani juu ya bahari ya Italia, moja Januari, nyingine Aprili. Wahandisi walichukua Comet nzima wakaizamisha kwenye tangi la maji, wakawa wanaijaza maji na kuyatoa, kuijaza na kuyatoa, kuigiza safari baada ya safari, mpaka bodi ikachanika mbele ya macho yao. Nyufa zilikuwa zinaanzia kwenye kona za matundu yaliyokatwa kwenye bodi. Ndiyo maana dirisha la ndege uliyopanda lina kona za mviringo.

Na ukiwa hapo dirishani tazama sehemu ya chini ya kioo. Kuna kitundu kama cha sindano. Abiria wengi huogopa wakikiona, kumbe kimewekwa makusudi. Kinaruhusu presha ya kabini ipite kwenye kioo cha kati ili mzigo wote ubebwe na kile cha nje kilicho imara, huku cha kati kikibaki akiba. Pia kinapunguza ukungu. Usikizibe na stika ya mtoto.

Mlango nao una habari yake. Milango mingi ya jeti inajibana kwenye fremu kama kizibo, na presha ya ndani ndiyo inayoibana. Katika kimo cha safari mlango wa kawaida unasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa tani saba au nane. Yule abiria mlevi anayeahidi kuufungua angani hana mkono wa kuufungua, hata akisaidiwa na ukoo mzima.

Kuna jambo dogo la kwetu ambalo nililigundua kwa masikio kabla sijalisoma. Ukitua Songwe masikio hayakusumbui sana. Ukitua Dar yanakusumbua. Uwanja wa Songwe, ulioanza kazi Desemba 2012 kuchukua nafasi ya ule wa zamani wa mjini Mbeya, uko karibu mita 1,350 juu ya usawa wa bahari. Kompyuta ya presha lazima ijue mnakotua, kwa sababu mlango ukifunguliwa presha ya ndani na ya nje zinatakiwa ziwe zimelingana. Kwenda Songwe, kabini inashuka kutoka kimo chake cha safari hadi futi 4,400 hivi na kazi imeisha. Kwenda Dar, inashuka mpaka karibu na sifuri. Ni njia ndefu zaidi kwa sikio, tena hewa inavyozidi kuwa nzito ndivyo kila futi unayoteremka inavyozidi kubana. Ukiwa na mafua makali, mrija mwembamba unaounganisha sikio na koo unavimba, na hapo kuteremka kunakuwa adhabu. Kumeza mate, kupiga miayo, kutafuna kitu, mtoto anyonye. Kubana pua na kusukuma hewa taratibu kunasaidia pia, lakini taratibu.

Hiyo ndiyo kabini ikiwa nzima. Sasa tuje kwenye siku inapogoma.

Picha tuliyonayo kichwani ni ya mlipuko: ukuta umetoboka, watu wanavutwa nje, makaratasi yanaruka. Imewahi kutokea. Tarehe 28 Aprili 1988 ndege ya Aloha Airlines kule Hawaii ilichanika paa la mbele ikiwa futi 24,000. Mhudumu mmoja alipotea, na marubani wakaitua ndege ikiwa wazi kama pikapu. Tarehe 5 Januari 2024 kipande kilichoziba nafasi ya mlango usiotumika kiling'oka kwenye Boeing 737 ya Alaska Airlines huko Marekani, ikiwa futi 16,000 hivi. Hakuna aliyekufa. Hewa inapotoka kwa ghafla namna hiyo unasikia kishindo, kabini inajaa ukungu kwa sekunde chache kwa sababu unyevu umepoa ghafla, vumbi linaruka, baridi inakupiga usoni. Inatisha. Lakini ina jambo moja jema: hakuna anayebaki akijiuliza kama kuna tatizo.

Ninayoiogopa mimi ni ile nyingine, isiyopiga kelele. Mpira wa mlango unavuja, vali imegoma ikiwa wazi nusu, au hewa kutoka kwenye injini imepungua. Kabini inapanda futi mia chache kwa dakika, kwa unyenyekevu kabisa. Kiungo kinachotakiwa kugundua tatizo ni ubongo, na ubongo ndio wa kwanza kukosa oksijeni.

Dalili zake ni za hila. Vidole vinafanya ganzi, kucha zinageuka buluu, macho yanafifia pembeni. Lakini kabla ya hapo wengi hujisikia vizuri. Mtu anachangamka, anajiamini, anacheka vitu visivyochekesha. Waliowahi kukaa na wanywaji wa ulanzi kule Iringa wanamjua mtu huyo: yule aliyeshakunywa vibuyu viwili na sasa anataka kuendesha yeye. Ukimwambia amelewa atakuapia kwamba hajawahi kuwa na akili timamu kama jioni hii. Ukosefu wa oksijeni unafanya hivyo hivyo, ila hauna harufu wala haukupi kichwa kizito cha kukushtua. Marubani wa kijeshi na baadhi ya wale wa abiria hupelekwa kwenye chumba maalumu kinachopunguzwa hewa, wakapewa karatasi wafanye hesabu za kujumlisha. Wanaandika ovyo, wanatabasamu. Wakivishwa barakoa ndipo wanapoiona karatasi yao na kushangaa.

Muda wa mtu kubaki na akili ya kufanya jambo la maana umepimwa. Futi 25,000 ni kama dakika tatu hadi tano. Futi 35,000 ni sekunde 30 hadi 60. Futi 40,000 ni kama sekunde 15 hadi 20. Hewa ikitoka kwa kishindo muda huo unaweza kupungua hadi nusu, kwa sababu hata oksijeni iliyokuwa kwenye mapafu inafyonzwa nje. Haimaanishi kwamba sekunde ya 61 umekufa. Inamaanisha barakoa inaning'inia mbele ya pua yako, unaiona, na huna tena wazo la kuivaa.

Tarehe 14 Agosti 2005 Boeing 737 ya Helios Airways iliondoka Larnaca, Cyprus, kuelekea Athens. Usiku uliotangulia mafundi walikuwa wameupima mfumo wa presha, na swichi yake ikabaki upande wa kuendeshwa kwa mkono badala ya kujiendesha wenyewe. Vali ile kubwa ikabaki wazi kiasi. Ukaguzi wa marubani kabla ya kuruka haukuibaini. Walipofika kama futi 12,000 king'ora kikalia, na hapa ndipo bahati mbaya ilipokaa: mlio ule ule ndio uliotumika kuonya, ndege ikiwa ardhini, kwamba haijawekwa sawa kwa kuruka. Marubani wakadhani ndio huo. Wakawa wanazungumza kwa redio na fundi kuhusu taa za onyo za mitambo ya kupoza, ndege ikizidi kupanda, na wao wakizidi kuwa kama wale wa ulanzi. Barakoa za abiria zilishuka. Ndege ikajiendesha yenyewe hadi futi 34,000, ikazunguka karibu na Athens. Ndege za kivita za Ugiriki zilipoisogelea zikaona rubani msaidizi ameinamia mbele na kiti cha rubani mkuu hakina mtu. Mafuta yalipoisha ikaanguka, na watu wote 121 wakafa. Baadaye 737 zikawekewa taa za kutofautisha maonyo hayo mawili.

Mtu akisoma hivyo anasema, si wangetafuta tu tatizo liko wapi? Ndiyo kosa lenyewe. Kulitafuta tatizo kunahitaji ubongo, na ubongo ndio unaoibwa. Kwa hiyo utaratibu wa marubani duniani kote umeandikwa kwa mpangilio ambao mwanzoni unaonekana wa kijinga: vaa barakoa kwanza, fikiri baadaye. Kengele ya kabini hulia kimo cha kabini kikifika kama futi 10,000. Haijalishi unadhani ni kengele ya uongo. Barakoa zao si kama zetu. Zinakaa pembeni ya kiti, zinavaliwa kwa mkono mmoja ndani ya sekunde tano, zina maikrofoni ndani, na zinatoa oksijeni tupu. Wakishavaa wanahakikisha wanasikilizana. Kisha wanaitazama presha: je, bado inadhibitika? Kompyuta huwa mbili, moja ikifa nyingine inashika, na zikifa zote rubani anaweza kuifunga vali kwa mkono. Ikikubali, safari inakuwa na habari ya kusimulia tu. Ikikataa, wanashuka.

Kushuka huku ndiko abiria wanakokumbuka. Injini zinapunguzwa hadi chini kabisa, vibao vya juu ya mabawa vinasimama kukinga upepo, pua inainama. Kwa kawaida ndege inateremka futi 2,000 hivi kwa dakika; hapa inaweza kuzidi 6,000. Kutoka futi 35,000 hadi 10,000 ni kama dakika tano. Tumbo linabaki juu, ndege inatetemeka, na kila mtu anaamini inaanguka. Haianguki. Rubani ameamua hivyo, na anapenda ashuke haraka kuliko unavyopenda wewe. Redioni anatangaza "Mayday" mara tatu na kuweka namba 7700 kwenye kifaa chake cha rada, ili mwongoza ndege aondoe wengine chini yake. Ila redio inakuja baada ya barakoa na baada ya kuanza kushuka.

Kwa nini 10,000? Kwa sababu hapo mtu mzima mwenye afya anapumua bila msaada. Lakini 10,000 si namba takatifu, na kwa upande wetu ni namba ya kuangaliwa kwa makini. Futi 10,000 ni mita 3,048. Mlima Rungwe una mita 2,960, na Mtorwi, kule safu za Kipengere, unauzidi kwa mita moja tu. Ukishuka kwa kichwa kichwa hadi 10,000 juu ya Mtorwi, umebakiwa na mita 87 kati ya tumbo la ndege na mwamba, pungufu ya urefu wa uwanja wa mpira. Kwenye milima kanuni inadai angalau futi 2,000 za nafasi. Basi rubani aliye juu ya Makete au Rungwe kituo chake cha kwanza ni kama futi 12,000. Akishavuka kuelekea Usangu au upande wa Ziwa Nyasa ndipo anamalizia kushuka. Ramani zao zina vimo hivyo vya usalama kwa kila kipande cha njia, na hutazamwa kabla, si wakati kengele inalia. Wanaopita juu ya Himalaya hubeba oksijeni ya muda mrefu zaidi na njia za kuchepukia zilizopangwa mapema.

Barakoa yako wewe abiria hushuka kabini ikifika kama futi 14,000. Katika ndege nyingi oksijeni yake haitoki kwenye mtungi. Juu ya kichwa chako kuna kopo la kemikali, na ukivuta barakoa unavuta pini, kemikali zinaanza kuungana na kutoa oksijeni. Kwa hiyo usipovuta, hakuna kitu. Kopo linapata moto sana, unaweza kusikia harufu ya kuungua. Si moto wa ndege. Mfuko wa plastiki unaweza usijae hata kidogo, na oksijeni bado inapita. Ikishaanza haizimiki, itakwenda dakika 12 hadi 15 hivi, muda unaozidi ule wa kushuka. Uliyeko chooni, barakoa ziko humo pia. Vaa, kaa, usikimbilie kiti. Wahudumu nao watavaa iliyo karibu yao na kukaa. Usiwaite.

Wapo wanaoniuliza kuhusu ndege za pangaboi, kama Dash 8-400 na ATR 72, mbona juu ya viti hakuna barakoa zinazodondoka? Nyingi kati ya hizo haziruhusiwi kupita futi 25,000. Katika kimo hicho kanuni inakubali oksijeni kidogo inayogawiwa na wahudumu, kwa sababu akili inadumu dakika kadhaa na njia ya kushuka ni fupi. Si kwamba wamekunyima.

Na mara nyingi, nyingi sana kuliko zote nilizosimulia, tatizo la presha linaonekana mapema tu baada ya kuruka: rubani anaona kabini haijai kama inavyotakiwa, anaacha kupanda, anakaa chini ya futi 10,000 na kurudi alikotoka. Hakuna barakoa wala kelele, ila foleni ya abiria wenye hasira uwanjani wanaoulizana kwa nini ndege "iliyokuwa inaruka vizuri" imerudishwa. Angeweza kuendelea chini chini mpaka mwisho? Huko chini jeti inakunywa mafuta vibaya sana, na aliyoyabeba yalipigiwa hesabu ya juu.

Turudi kwa mama. Tulipoanza kuteremka kuelekea Dar mtoto akaanza kulia huku akijishika sikio. Bibi akamtolea chupa ya maji aliyoifunga tukiwa juu, akaiinua, akaitazama. Ilikuwa imebonyea pande zote mbili.

"Tazama," akasema. "Kama ya Kitonga."

Nikapata pa kuanzia. Nikamweleza, kwa ufupi kuliko hapa, kwamba huko tulikotoka juu hewa ya nje ingemzima kabla hajamaliza kuufunga mpira wa barakoa kwenye kichwa cha mtoto anayepigana naye, na kwamba mtoto akikosa oksijeni kwa nusu dakika huku bibi yake yuko macho, bibi atamvika naye atazinduka. Lakini bibi akilala, mtoto wa miaka minne hawezi kumvika bibi. Mtoto alikuwa anakunywa. Sikio likazibuka, akanyamaza.

Mama akafikiri mpaka magurudumu yakateremshwa.

"Haya. Nitajivisha mimi kwanza. Lakini mkono mmoja nitakuwa nimemshika yeye."

Nikamwambia mkono mmoja unatosha kuivuta.